Viti vya Msiba Havilipiwi

Nyumbani,
Jumatano asubuhi.

Kwako Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako Kiherehere. Kwanza hali yako. U mzima? Mgongo je, bado unakusumbua ukiinua yale masufuria ya kambi? Na wale wachimbaji wako wanaokula kama watu wanaohama kesho, wameacha kulalamikia chumvi? Waambie nimesema mtu aliyelelewa na mama yetu hawezi kupika chakula kibaya, isipokuwa mimi. Sisi huku wazima wa afya. Watoto wanakua, viatu vinawabana kabla havijachakaa, na baba yao ameng'olewa lile jino alilokuwa akililea kama mtoto wa nne. Nyumba sasa ina amani, maana alikuwa akiumwa yeye tunaugua sote.

Najua umeshangaa kupata barua nene kutoka kwa mtu ambaye hata kadi ya pole huandikiwa na wengine. Kesho Taratibu, dereva wetu, ataipeleka kwa dereva wa lori la unga linalokuja kambini kwenu, nami nimemsihi asiikalie njiani. Jumapili ulipopata mtandao ukanipigia, uliniuliza mbona sauti yangu iko mbali, nikakujibu ni mvua. Mvua ilikuwepo kweli, na mabati ulikuwa unayasikia mwenyewe. Lakini nilikuwa na jambo kifuani, na nilijua nikilisema kwenye simu nitalisema nusu, halafu nitajifanya mtandao umekata. Wewe unanijua. Kwenye karatasi hakuna mtandao wa kukata.

Kwa hiyo nakuomba, Dada, usome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Jambo lenyewe linahusu viti vyetu na jina la mama, na linakuhusu wewe kuliko unavyodhani. Kuna mtu ndani yake ambaye sitamtaja mapema. Niache niende kwa mpangilio, nisije nikaishiwa na ujasiri katikati. Ukimaliza utaamua mwenyewe kama bado unanihesabu mdogo wako.

Msiba wa baba wewe unaukumbuka kuliko mimi, maana mimi nilikuwa mgongoni. Najua tu alichokuwa akitusimulia mama, kwamba waombolezaji walikalia ndoo, matofali na makreti ya soda, na babu, na mguu wake ule mbovu, alisimama ameegemea ukuta tangu asubuhi hadi maziko. Mama alisema siku hiyo aibu ilimkaba kuliko majonzi, akashindwa hata kulia vizuri. Ndiyo maana vile viti ishirini vya kwanza alivyonunua kwa cherehani yake havikuwa biashara kwanza. Biashara ilikuja nyuma, watu wa harusi walipoanza kuvikodi. Kanuni yake ikawa moja mpaka anaingia kaburini: harusi inalipa, msiba haulipi. Na viti vya msiba vilikuwa vilevile vyeupe vya maharusi, havikuwa vile vilivyovunjika mikono.

Mwenye msiba akija, mama alimuuliza swali moja tu: mtakuwa wangapi? Hakuuliza wewe ni nani, unatoka wapi wala nani kakutuma. Nakumbuka fundi wa mabango alimshauri amchoree tangazo ukutani kwamba viti vya msiba havilipiwi, ili sifa zienee. Mama akakataa katakata. Alisema mwenye msiba hasomi ukuta, na mwenye sifa ni Mungu. Watu wa harusi walijua bila kuandikiwa, na wengi walilipa kwa moyo mweupe. Yule mama wa duka la vitambaa mpaka leo akikodi anaongeza kitu juu, akisema ni ya mtu asiyemjua.

Hiyo ndiyo kazi uliyoniachia ulipoondoka, nusu yako nusu yangu. Ukiingia uani leo utakuta mambo kama ulivyoyaacha. Stoo imejaa, maturubai yamekunjwa juu ya mbao yasiliwe na panya, na Mama Sabuni yuko kwenye karo na brashi yake akiosha viti kimoja kimoja na kuvisema vile vilivyorudi na mabaki ya chakula, kama vilijipaka vyenyewe. Taratibu bado ndiye dereva, na bado anaendesha gari kama amebeba mayai. Tofauti utakayoiona ni ukuta wa karibu na lango. Una sehemu imepakwa rangi mpya, na chini ya rangi kuna maneno. Niliyaandikisha mimi.

Ilianza hivi. Miezi miwili iliyopita alikuja bwana mmoja, shati limechomolewa nje, leso mkononi, machozi yanatiririka. Akasema shangazi yake aliyemlea amefumba macho. Mama Sabuni akaacha brashi, akalia naye. Mimi nami nikauliza swali la mama, akasema watakuwa sitini, nikamtolea viti sitini na turubai kubwa. Taratibu alipofika akaambiwa ashushie nje ya geti, wafiwa watapanga wenyewe. Hatukushuku kitu. Mtu na msiba wake ana namna yake.

Kesho yake Taratibu akaenda kuvichukua. Akakuta maputo getini, muziki ndani, na keki iliyobaki ghorofa moja. Kwa kuwa ni mtu wa adabu, alivua kofia akauliza wafiwa wako wapi, awape pole. Mama mmoja mnene, gauni linametameta, akamuuliza nani amekufa. Taratibu hajui kupamba maneno, akasema ni shangazi wa bwana fulani. Yule mama akajitazama kutoka miguuni mpaka kifuani, akasema bwana huyo ana shangazi mmoja tu duniani, naye ndiye huyu aliyesimama hapa. Kisha akamuuliza kama marehemu anaruhusiwa kuongezewa soda. Taratibu alirudi na viti na kipande cha keki kwenye karatasi, akanieleza yote bila kucheka, na Mama Sabuni akadai machozi yake yarudishwe.

Sisi tukamwita Bwana Keki, na siku ile nilicheka mpaka nikakaa chini. Ila kicheko kilikwisha haraka. Sokoni watu walianza kunitania, wakiniuliza kama tuna viti vya marehemu anayecheza. Tena wikiendi hiyohiyo nilikuwa nimemnyima viti bwana harusi wa kweli, kijana wa watu, kwa sababu vimekwenda kwenye huo msiba wa maputo. Nikaona tumefanywa wajinga. Nikaona wema wa mama umegeuzwa shamba la bibi, kila mtu anaingia na kuchuma. Sikukuuliza, Dada, ingawa nusu ni yako. Nilimwita fundi wa mabango, nikamwamuru aandike kwa herufi nyekundu: VITI VYA MSIBA, LETE CHETI AU BARUA YA OFISI. BILA KARATASI HAKUNA VITI.

Mama Sabuni alisimama akautazama ukuta ule muda mrefu, kisha akasema rangi nyekundu haitoki kirahisi. Nikamwambia ndiyo nia. Akarudi kwenye karo lake.

Utacheka ukisikia aliyekuja wiki iliyofuata. Ni yule shangazi. Alikuja kwa miguu yake kuomba radhi, akajitambulisha langoni kwamba yeye ndiye marehemu. Alisema amemgombeza mpwa wake mpaka akaomba msamaha kwa magoti. Akaweka malipo ya vile viti sitini mezani, nilipotaka kumpunguzia akakataa. Wakati wa kutoka alisoma ukuta, akatikisa kichwa. Akaniambia, mwanangu, umemfungia nani mlango? Mwongo ataipata hiyo karatasi kabla ya mwenye msiba, maana mwongo ana muda. Nikamjibu kwa heshima tu, lakini moyoni nikasema huyu naye anamtetea mpwa wake. Mtu ukishaandika kwa rangi nyekundu husikii la mtu.

Sasa nakuja kwenyewe. Jumamosi iliyopita, asubuhi, nilikuwa uani nahesabu vifuniko vya viti. Hatukuwa na harusi hata moja wikiendi hiyo, viti vyote vilikuwa nyumbani. Mtu mmoja akasimama langoni, mwanamume wa makamo, shati la kijivu, kandambili zina matope. Alisalimu, akasema mama yake mzazi amefariki usiku wa kuamkia siku hiyo, nyumbani kwake, kitandani kwake. Maziko ni kesho yake saa nane. Akaomba viti, kama tutakuwa navyo.

Nikamuuliza cheti. Akasema mama hakufia hospitali, na ofisi inafunguliwa Jumatatu. Nikamuuliza barua. Akasema barua nayo ni ya ofisi hiyohiyo. Niliinua mkono nikamwonyesha ukuta. Akageuka, akausoma taratibu, midomo yake inatembea, kama anayetafuta neno dogo pale pembeni litakalomruhusu. Hakulipata. Akasema haya, nimeelewa, asanteni. Akainamisha kichwa, akaondoka. Wala hakuomba mara ya pili.

Mama Sabuni alikamua kitambaa chake mpaka tone la mwisho. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba leo nimemdai maiti kitambulisho. Tangu hapo hakunisemesha, na chai niliyompelekea akaiacha ikapoa.

Jumapili ikanyesha mvua ile uliyoisikia. Ilianza saa tano ikaendelea mpaka jioni. Nilikaa kwenye mlango wa stoo nikitazama viti vyetu vimepangwa mpaka darini, vikavu, vimekunja miguu. Nilijaribu kujipa moyo. Nikasema labda amekodi kwa jirani, pale njia panda kuna wakodishaji wawili, na wala si ghali. Nikasema kanuni ni kanuni. Nikasema mengi, Dada, na kila nililosema lilikuwa halifiki mbali.

Saa kumi na moja akaja Taratibu, siku yake ya mapumziko, maji yanamtiririka. Alikuwa ametoka kwenye maziko yale. Alinieleza kama alivyonieleza habari za keki, taratibu, bila kupunguza. Watu walikuwa wengi, marehemu alipendwa. Hakukuwa na turubai wala viti. Wazee walikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Yule bwana wa shati la kijivu aling'oa mlango wa chumba chake, akaulaza juu ya matofali ili kina mama wapate pa kukaa, na mvua ikawanyeshea juu ya mlango huo. Kila aliyeuliza, bwana yule alimjibu kwamba viti viko njiani, vimechelewa tu kwa mvua. Hakututaja wala hakusema tulimnyima. Watu wakawa wanatazama barabarani mpaka jeneza linatoka.

Taratibu akamaliza, akaniomba ufunguo wa gari. Nikamwambia maziko yamekwisha. Akasema msiba haujaisha, watu watakuja wiki nzima. Nikamwambia kesho, tutakwenda wote. Dakika chache baadaye simu ikalia, ukawa wewe.

Jumatatu alfajiri tulipakia viti mia na maturubai mawili. Nilipakia mwenyewe, mpaka mikono ikaota malengelenge. Mama Sabuni alipanda nyuma bila kualikwa. Tulipofika hakuna aliyetufukuza. Walitupokea, tukafunga maturubai, tukapanga viti, na kina mama waliokuwa juu ya mlango wakahama wakashukuru. Hiyo shukrani ilinichoma. Afadhali wangenitukana. Niliporudi nyumbani nikachukua rangi na brashi, nikaufunika ukuta. Mama Sabuni alisema kweli, nyekundu haitoki. Nimepaka mara tatu na bado inachungulia.

Hapa ningeweza kumaliza, nikakuomba radhi kwa ajili ya sheria mbaya niliyoweka, nawe ungenisamehe, kwa sababu kila mtu anaweza kukosea akijaribu kulinda mali. Lakini ningekuwa nimekudanganya kwa barua nzima. Dada, tafuta pa kukaa.

Sheria ile haikunifunga mimi. Jumatano iliyotangulia Jumamosi ile, muuza mkaa wa kona alifiwa na mjomba wake, akaja mikono mitupu, nikampa viti bila kumuuliza karatasi. Alhamisi nikampa na mke wa fundi viatu. Wote wawili walipita mbele ya maandishi yale mekundu, na mimi nikawaambia yasiwatishe, ni ya waongo. Karatasi niliidai kwa mtu mmoja tu. Nilimdai kwa sababu nilimtambua akiwa bado barabarani, kwa ule mwendo wake wa kuinamia mbele kama anatafuta kitu kilichodondoka. Nilimtambua, na nikafurahi kwamba kuna ukuta wa kumwonyesha.

Yule bwana wa shati la kijivu ni Fundi Saa. Ni yule aliyekuwa shemeji yangu, aliyekuwa mume wako. Na aliyefariki ni mama mkwe wako.

Nisamehe kwa kukuandikia habari hii hivi. Najua wewe hukumwita mkwe, ulimwita mama, na hata baada ya talaka hukuacha. Najua dawa zake za presha zilitoka kwenye mshahara wako. Najua siku ile Fundi Saa alipokurudisha nyumbani bila kosa, yeye mwenyewe hakuthubutu kuja. Aliyekuja na wewe ni mama yake, na sanduku lako kalibeba kichwani mwake, katika jua lile, akakataa wewe ulishike. Alimwambia mama yetu kwamba mwanawe ameachana na mke, lakini yeye hajaachana na binti. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimesimama dirishani. Kwa miaka kumi na moja nilikumbuka sanduku tu, nikasahau aliyelibeba.

Kwa hiyo nilipomwona langoni nilisema moyoni, leo yamekufika, nawe utarudishwa. Niliona nakulipia kisasi ambacho wewe hukuwahi kunituma. Nilimnyima mtoto, na aliyenyeshewa jeneza lake ni mama.

Nilijiuliza kwa nini hakukodi pale njia panda. Mkewe wa sasa ndiye aliyeniambia hiyo Jumatatu, bila kujua ananipasua. Marehemu aliusia. Alimwambia mwanawe kwamba akifa wasikodi viti popote, viti vyake vitaletwa na wanawe wa kule, yaani sisi. Ndiyo maana bwana yule alimeza aibu yake akaja kusimama langoni kwetu. Na ndiyo maana aliwaambia watu viti viko njiani. Alikuwa bado anangoja, Dada. Alidhani nitabadili nia.

Sijamaliza. Jumapili uliponipigia, mwishoni ulisema kama kawaida yako, nikimwona mama mkwe nimpe salamu zako. Nikasema zitafika. Alikuwa ameshazikwa.

Na Jumatatu, tulipokuwa tukifunga maturubai, Fundi Saa alinivuta pembeni akaniuliza jambo moja tu, kama wewe umeambiwa. Nilishindwa kumwambia kwamba ulinipigia jana yake nikakuficha. Nikasema ndiyo, umeambiwa. Akasema basi, njia ni mbali, na kila mtu ana sababu zake. Nilimwona akiwaeleza wanawake waliokuwa jikoni, nao wakatazamana. Siku nzima nyumba ile iliamini kwamba wewe ulipata habari ukakaa kimya. Nilikuchafulia jina mbele ya watu ambao walikuwa wakimuuliza kila anayeingia kama wewe umefika.

Jana sikuweza tena. Nilirudi peke yangu, nikamkuta anarudisha ule mlango kwenye bawaba. Nikamwambia yote, huku nimesimama. Kwamba hujui lolote, kwamba nilikudanganya wewe na yeye, na kwamba karatasi ilikuwa ya kwake peke yake. Nilitegemea anifukuze. Aliweka bisibisi chini, akasema la karatasi analijua, maana muuza mkaa alikuja kumpa pole na akamsimulia jinsi tulivyomsaidia. Akasema yeye hana la kulalamika, alimrudisha dada yangu bila sababu na mimi nikamrudisha yeye, hapo sisi wawili hatudaiani. Kisha akasema, ila mama yangu hakumrudisha mtu. Hakupandisha sauti. Nililia pale pale, Dada, na hakuna aliyeninyamazisha.

Baada ya hapo aliwaita wale wanawake wa jikoni, akaniacha niwaambie mwenyewe kwamba hukuwa umeambiwa. Nikawaambia. Mmoja wao, dada wa marehemu, alisema alijua tu, haiwezekani.

Kisha huyo mama mdogo akanipeleka chumbani kwa marehemu. Nguo zake zimekunjwa juu ya kitanda, khanga, sweta, viatu viwili vya kutokea, mablanketi. Ni vitu vya kugawa kwa wenye shida, lakini hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Marehemu alisema uvigawe wewe. Walipomuuliza kwa nini mtu aliye mbali, na wakwe wengine wapo, alijibu kwamba hao wengine ni wakarimu pia, lakini wewe ndiye unayejua kumpa mtu kitu bila kumfanya ainamishe kichwa.

Mama mdogo alinieleza hivyo kwa upole, hakuwa akinipiga kijembe. Alikuwa hajui kwamba mimi nimemwona mtu akiinamisha kichwa langoni kwetu Jumamosi, na nikamtazama mpaka akapotea kwenye kona.

Hiyo ndiyo habari yangu. Viti vyetu bado viko kule na havitarudi mpaka wenyewe waseme. Kama unataka nusu yako ya biashara uitoe mikononi mwangu, sitabisha. Mama Sabuni anajua kazi kuliko mimi, na yeye hajawahi kumuuliza mtu karatasi. Sikuombi unisamehe kwa barua. Njoo unigombeze uso kwa uso, mimi nitanyamaza, jambo ambalo litakuwa la kwanza katika historia ya ukoo. Dereva wa lori anarudi Jumamosi na amekubali kukuwekea nafasi mbele. Msimamizi wako mwambie umefiwa na mama, hutakuwa umedanganya. Na ukishuka, Dada, usianzie kwangu. Anzia kule, wanakungoja.

Taratibu anakusalimu sana na anakupa pole. Mama Sabuni anakusalimu, ameanza kunisemesha tangu jana, japo kwa maneno machache. Watoto wanakubusu mikono yote miwili. Fundi Saa hakunituma salamu. Aliniomba tu niandike kwa mkono wangu mwenyewe, na nisipunguze kitu, nami sijapunguza.

Pole sana, Dada yangu. Mungu akutie nguvu hapo ulipo, na akulete salama.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja,

Kiherehere.